Nilikataa Kuwa Mgonjwa

Mwaka huo tulikula viazi. Nikisema viazi, mtu wa Uasin Gishu anajua nasema nini. Mvua iliyokataa kuja wakati wa kupanda ilikuja wakati wa kuvuna, mahindi yakaoza yakiwa yamesimama shambani, na sisi tunaojigamba kwamba tunalisha Kenya tukaanza kununua unga wa paketi kama watu wa mjini. Walioona aibu kuonekana na paketi walikula viazi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Asubuhi viazi na chai, mchana viazi na kabeji, jioni viazi vilivyobaki mchana. Hata jogoo wangu akiona maganda aligeuza uso.

Na ni mwaka huo huo shemeji yangu aliamua kwamba mimi ninakufa.

Nianze na mtoto, kwa sababu yote yalitoka kwake. Mjukuu wangu nilimlea tangu ana meno mawili. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alituacha kabla hajaolewa, kwa hivyo mtoto ni wa boma hii na jina la boma hii. Alikuwa mtoto wa kusumbua. Ukimtuma mahindi ya kuchoma anakuletea jani. "Kogo," ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita nyanya, "kwa nini hili lina madoa?" Mimi nilitaka mahindi, yeye ananiletea maswali. Maswali hayo yakampeleka shule, shule ikampeleka yunivasiti, yunivasiti ikampeleka Marekani kusomea magonjwa ya mahindi. Hapa Chepsaita watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Eti mtu anapanda ndege siku mbili kwenda kusoma mahindi! Mahindi yao yalipooza waliacha kucheka, wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja na ndoo mkononi, kuniuliza kama mtoto anaweza kutuma dawa.

Alikuwa amekaa huko miaka minne bila kurudi, na alikuwa amebakisha mmoja.

Alikuwa akinipigia simu asubuhi nikimenya viazi, ambayo kwake ilikuwa usiku. Siku moja sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kogo, chuo kimetuandikia barua, sisi wanafunzi wa kutoka nje. Wanasema tusitoke nchini kama si lazima sana."

"Kwani mmekosa nini?"

"Hatujakosa. Sheria zinabadilika tu. Mtu anatoka na karatasi nzuri, akirudi anaambiwa ilikuwa nzuri jana."

Nikamwambia anieleze polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la tatu na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Akanieleza. Visa iliyo kwa pasipoti ni ya kuingilia tu. Yake ilikuwa imeisha mwaka uliotangulia. Akiwa ndani hana kosa, karatasi ya chuo inamweka pale kwa haki mradi anasoma. Lakini akitoka, hawezi kuingia tena mpaka aombe visa mpya, apange laini ubalozini Nairobi, ahojiwe upya kama mtu asiyejulikana, na yule wa dirishani akiwa ameamka vibaya, masomo yamekwisha hapo hapo.

"Nimeelewa," nikasema. "Ni kama tikiti ya mpira. Ukiwa uwanjani hakuna anayekuuliza. Ukitoka kununua soda, mlinzi wa geti hakujui."

"Kogo, wewe ungekuwa wakili."

"Ningekuwa wakili ungekula nini? Endelea."

Ofisi ya wanafunzi wa kigeni, akasema, ina mama mmoja mzuri ambaye aliwakalisha chini na kuwafundisha haki zao. Ukitaka kusafiri, nenda kwake kwanza aangalie karatasi zako na kuziwekea sahihi, usisikilize watu wa njiani. Namba ya wakili uishike kichwani, simu inaweza kuchukuliwa. Usidanganye ofisa, bora unyamaze, kunyamaza ni haki yako. Usitoe karatasi ya uongo hata siku moja. Na ukikutana na maofisa wa uhamiaji barabarani, usikimbie.

"Usikimbie?"

"Usikimbie, Kogo."

"Mtoto wa Uasin Gishu, kwa wakimbiaji, anaambiwa asikimbie! Si wangekwambia tu usipumue?"

Akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mahindi yaanze kuoza.

Tena walipewa kadi, ndogo ya kutosha kwa pochi, yenye maneno ya kumwambia ofisa akibisha mlango. Nikataka maneno hayo. Akayageuza Kiswahili, akanisomea, nami nikayaandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya kanisa iliyo jikoni. Ilituchukua asubuhi mbili, kwa sababu mimi naandika kama mtu anayechimba choo. Yalikuwa hivi: *Sina la kusema na wewe. Mlango siufungui. Siweki sahihi popote. Kama una karatasi ya hakimu, ipitishe chini ya mlango niisome.*

"Na mtu akibisha kweli?" nikamuuliza.

"Siku hizi hata rafiki yangu akibisha, nanyamaza kwanza nihesabu mpaka kumi."

Nikaweka kisu chini. Hapa kwetu mtu akisema hodi anajibiwa karibu kabla hajaonekana sura. Mtoto niliyemfundisha kukimbilia wageni na kiti anakaa ndani ya chumba anahesabu.

Sasa shemeji. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu mzee wangu, na tangu mzee afariki yeye ndiye sauti ya boma, hasa mahali penye kipaza sauti. Mtoto alikuwa amekubaliana na kijana mmoja mwalimu, watu wao ni wa upande wa Plateau, kwamba wataoana akimaliza shule. Wawili hao hawakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa shemeji. Jumapili moja wakati wa matangazo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangazia kanisa zima kwamba koito itakuwa mwezi wa nane na wote wamekaribishwa.

Koito ni siku ambayo watu wa kijana wanakuja kuleta posa. Wazee wa pande zote mbili wanakaa, kisha msichana anaitwa katikati na kuulizwa: hawa wageni unawajua? Akisema nawajua, maneno yanaendelea. Akinyamaza, wageni wanavaa kofia zao. Mzee wangu akiwa hai aliniambia hilo ndilo swali moja tu duniani ambalo wanaume wa kwetu wanamuuliza mwanamke na kungoja jibu. Kwa hivyo msichana lazima awepo.

Nilimkuta nje ya kanisa akipokea pongezi.

"Shemeji, msichana mwenyewe umemuuliza?"

"Ataulizwa siku hiyo, Mama. Si ndiyo maana ya koito?"

"Hawezi kutoka huko. Akitoka harudi."

"Nani amesema? Ni wiki mbili tu. Anakunywa maziwa yetu ya mursik, anajibu swali, anarudi. Watu wa maana kama wale hawawekwi wakingoja."

Akamwita shahidi wake. Huyu ni jirani yetu, mkimbiaji mstaafu aliyefanyia mazoezi kule Kaptagat, akashinda mbio moja ng'ambo zamani hizo, na hajatuacha tusahau. Koti la michezo alilopewa siku hiyo bado analivaa, zipu ilishakufa, anafunga na pini.

"Visa ni kitu kidogo, Mama," akasema mkimbiaji. "Mimi nimeenda na nikarudi mara sita."

"Ulirudi wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Na hapa nyumbani nani angekuzuia, ng'ombe wako? Mimi nauliza juu ya kurudi kule."

Akafikiri. "Kule sikuwa na haja ya kurudi," akasema. "Mbio zilikuwa zimeisha."

"Ndiyo hivyo. Zako zilikuwa zimeisha."

Nilidhani nimemaliza maneno. Lakini wanaume wakishindwa kwa maneno wanaenda kuandika barua.

Walikuja Jumatano saa nne, wakati wa chai, maana hakuna anayekosea saa ya chai. Shemeji akatoa bahasha kwa heshima kama mtu anayetoa Biblia. Ndani kurasa mbili, moja Kiingereza ya maofisa, moja Kiswahili yangu, na chini muhuri mkubwa, sitasema ameupata wapi. Mimi husoma na kidole chini ya kila neno, na maneno yenyewe yanajua hayawezi kunikimbia. Nikasoma. Barua ilisema mimi, nyanya wa msichana huyu, ni mgonjwa mahututi. Siamki kitandani. Ninalishwa kwa mpira. Ombi langu la mwisho ni kumwona mjukuu wangu kabla sijafumba macho.

Nilikuwa nimevaa gambuti. Nilikuwa nimetoka kukamua ng'ombe wawili na kumpiga teke wa tatu.

"Shemeji, hapa nimeandikwa siamki."

"Hiyo ni lugha ya ofisi tu, Mama. Ukiandika nyanya ni mgonjwa, ofisi yoyote inalainika. Wanampa ruhusa ya haraka, wanamrudisha haraka. Weka tu sahihi hapa kwa laini."

"Basi kunywa polepole. Hiyo chai imepikwa na mtu asiyeamka."

Mkimbiaji akachungulia ndani ya kikombe chake.

Sikuwalaumu kwa kufikiri hivyo. Eldoret nzima, nyanya ndiyo ruhusa. Mtoto akichoka na bweni, nyanya ni mgonjwa. Karani akitaka kwenda kuvuna, nyanya amelazwa. Namjua mwalimu aliyezika nyanya wanne, na wawili kati yao wanauza sukuma wiki sokoni mpaka leo. Tumeuawa sana sisi, na hakuna anayetuletea hata maua. Walichokosea ni kudhani kwamba dirisha la ubalozi ni kama ofisi ya mwalimu mkuu, kwamba yule wa huko atasikia neno nyanya, atavua miwani, atapangusa macho.

"Acheni barua nifikirie," nikasema. Shemeji akakataa kuiacha. Akasema atarudi nayo Jumamosi, na nisiwe mgumu.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu ninaandika na hakuna anayenitazama. Walipoondoka nilibaki na ile karatasi kichwani, na sikuona uongo wake peke yake. Niliona pia neno kumwona. Miaka minne. Anapoonekana kwa simu uso wake unakatika vipande vipande, mdomo unasema na macho yamesimama. Sijui siku hizi ana urefu gani nikisimama karibu naye. Nilichukua penseli ile ile ya kalenda nikaandika jina langu kwenye pakiti ya chumvi, kuona tu kama mkono bado unajua. Ulijua vizuri.

Kesho yake alipopiga nikamweleza juu ya barua.

"Kogo, nikipeleka karatasi ya uongo na waijue, sitaingia tena. Sisemi mwaka huu. Sisemi mwaka ujao. Mama wa ofisi alituambia hivyo mara tatu."

"Basi imekwisha."

"Lakini naweza kuja bila hiyo barua. Nije tu, nijaribu bahati yangu ubalozini."

"Mama wa ofisi anasemaje?"

"Anasema nisije." Akavuta pumzi. "Nimewaambia kina babu, wewe ukisema nije, nitakuja. Nitasikiliza wewe tu."

Ndiyo maana walikuwa wananitafuta hivyo. Mzigo wote, visa, ubalozi, shule, koito, umewekwa juu ya ulimi wa mwanamke wa darasa la tatu.

Jumamosi nilichinja kuku. Si kwa ajili yao. Nilikuwa nimechoka na viazi, na mtu anayesemekana ni mahututi anahitaji supu. Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya mchana tangu niolewe. Nilifunga geti la mabati kwa kufuli.

Walikuja watano, shemeji mbele na bahasha, mkimbiaji nyuma yake, na wazee watatu wa kuongeza uzito.

"Hodi!"

Kunyamaza ni haki, nikanyamaza. Nakwambia kunyamaza ni kazi nzito kuliko kupalilia. Neno karibu lilikuwa linataka kutoka lenyewe.

"Hodi hapa! Mama!"

"Labda amekufa kweli," nikasikia mkimbiaji.

"Nyamaza wewe. Maiti haipiki kuku."

Mvua ikaanza, ile ile iliyotumaliza mahindi. Nikajifunika gunia kichwani, nikachukua kalenda yangu, nikasimama upande wa ndani wa geti, karibu kiasi cha kusikia shemeji akipumua kwa pua.

"Mama, tunakuona miguu. Fungua tunalowa."

Nikasoma kwa sauti ya kanisani. "Sina la kusema na wewe. Mlango siufungui. Siweki sahihi popote. Kama una karatasi ya hakimu, ipitishe chini ya mlango niisome."

Mvua tu kwenye mabati.

"Hakimu?" akasema shemeji. "Hakimu wa nini? Mimi ni shemeji yako!"

"Anaongea na nani?" akauliza mzee mmoja. "Kuna polisi huko ndani?"

"Mama, tuko watano hapa, unasema 'na wewe' kwa nani?"

Sikubadilisha neno. Kadi ni kadi. Shemeji, kwa kuwa hakuna lingine la kufanya, akapitisha bahasha chini ya geti. Nikaiokota, nikaisoma yote tena, kidole chini ya neno, wao wakingoja kwenye mvua. Sikuharakisha. Muhuri ulikuwepo. Mpira wa kunilisha ulikuwepo. Hakimu hakuwepo.

"Hapa hakuna hakimu," nikawaambia, nikaiweka ndani ya gambuti.

Hapo ndipo shemeji alipopandisha hasira. Akapiga geti kwa kiganja mpaka kuku waliobaki wakaruka. "Utakufa hujamwona! Unasikia? Utalala kwa udongo, na yeye yuko huko anashikana na mahindi ya wazungu! Utamlaumu nani?"

Hiyo iliingia. Maneno yake hayakuwahi kuniumiza tangu anifahamu, lakini hiyo ilipata mahali. Nilishika kufuli na funguo ilikuwa mfukoni. Kama angesema neno moja zaidi la namna hiyo, kwa sauti ya chini, pengine ningefungua. Lakini shemeji hajui sauti ya chini. Akaendelea na mambo ya aibu yake mbele ya watu wa Plateau, na hema alizoagiza, na kanisa litasema nini, nami nikakumbuka ni koito ya nani.

Walienda. Barua iliwashia moto vizuri, karatasi ya ofisi ni nzito. Nilikula kuku peke yangu na viazi, na sitadanganya kwamba nilisikia utamu.

Kesho yake, Jumapili, shemeji akasimama tena wakati wa matangazo. Koti lilikuwa bado halijakauka vizuri. Akasema koito imesongezwa mbele mpaka msichana amalize masomo, kwa sababu za kiserikali. Mtu wa benchi la nyuma akauliza, serikali ipi, yetu au yao? Shemeji akanielekezea kidevu. Tangu siku hiyo sokoni naitwa Serikali. Wanawake wananiambia, Serikali, tupunguzie bei ya maziwa. Yule kijana mwalimu, ambaye mke wa kungojwa ni wake, alikuja baadaye peke yake, akapasua kuni zangu zote bila kuulizwa, akaniambia, "Asante, Mama." Akaenda zake. Huyo atafaa.

Ningependa kuachia hapo, nikiwa nimeshinda. Lakini Jumanne simu ililia nikiwa na kisu na kiazi cha kwanza mkononi.

"Kogo, nimeona tikiti. Iko hapa mbele yangu kwa simu, nimebakisha kubonyeza tu. Si ya koito. Ni yako. Wiki mbili, nikae tu jikoni nikumenyee viazi."

"Barua ya chuo inasema nini?"

"Wewe unajua inasema nini." Alikuwa analia bila kujificha, kama alivyolia zamani akianguka kwenye matope. "Nimechoka kuhesabu mpaka kumi. Kogo, tafadhali. Sema njoo. Sema mara moja tu."

Kibuyu cha mursik nilikuwa nimekisafisha kwa mkaa wiki hiyo, sijui kwa nini, hakuna mgeni aliyekuwa anakuja. Kilikuwa mezani, mdomo wazi, kinangoja maziwa. Kalenda ilikuwa ukutani mahali pake, nyuma imegeuzwa mbele, penseli imeanza kufifia kwa moshi. Sikuhitaji kuisoma.

"Kogo? Uko? Kogo, ni mimi. Nifungulie."

"Sina la kusema na wewe. Mlango siufungui. Siweki sahihi popote. Kama una karatasi ya hakimu, ipitishe chini ya mlango niisome."